Nyekundu ya Nani?

Ndugu zangu vijana wa Nakivale, Kyaka, Kakuma, Nyarugusu na kwingine kote ambako hizi makala zetu zinafika, na ninyi pia wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila kuweka hata dole gumba: leo naandika juu ya rangi. Rangi za mistari kwenye ratiba ya mradi. Najua kuna mtu atasema, watu wanahangaika na mgao wa chakula, huyu anatuletea habari za rangi kwenye kompyuta. Vumilieni kidogo. Rangi zile zinaamua kikundi gani kitaonekana kivivu, na kikundi kikishaonekana kivivu hakipati awamu ya pili.

Kwa yule ambaye hajawahi kukaa kwenye mkutano wa aina hiyo: chati ya Gantt ni jedwali lenye kazi za mradi upande wa kushoto, na tarehe juu. Kila kazi ina mstari mnene unaoanza siku kazi inapoanza na kuishia siku inapotakiwa kuisha. Ukiiangalia unaona mradi mzima kwa jicho moja. Ni kitu kizuri, mimi nakipenda. Wafadhili wanakipenda zaidi, sababu mtu aliye mbali anaweza kukisoma bila kukanyaga vumbi.

Shida inaanza pale mstari unapopakwa rangi.

Kikundi kimoja hapa Isingiro, ambacho mimi ndiye nilikuwa natunza kompyuta yake, kilipata mradi wa kitalu cha miche ya grevilea. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Grevilea inataka miezi minne mpaka sita kitaluni kabla ya kuhamishwa. Mvua ya pili huku kwetu inaanza mwezi wa tisa na kuisha mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo mbegu lazima ziingie udongoni mwezi wa nne, kusudi mche uhamie shambani mwanzoni mwa mvua na upate miezi ya kushika mizizi kabla jua la mwezi wa kwanza halijafika. Mkataba ulisainiwa mwezi wa tatu. Pesa ya kwanza ilitakiwa kuingia tarehe 1 mwezi wa nne. Iliingia wiki saba baadaye.

Wiki saba bana. Wakati huo vijana walikuwa wamekwisha safisha uwanja, wamejenga kivuli cha nyasi, wamekusanya samadi kwa wafugaji. Viriba hakuna, mbegu hakuna. Hauwezi kuotesha mbegu ya ahadi.

Mwezi wa kumi ukafika mkutano wa tathmini. Ratiba ilikuwa ile ya Excel tuliyopewa na shirika, imefungwa kanuni yake tayari: tarehe ya mwisho ikipita na kazi haijafika asilimia 100, mstari unageuka mwekundu wenyewe. Kununua viriba na mbegu, kulichelewa. Kuotesha, bado. Kupanda shambani, hata hakujaanza. Mistari mitatu mirefu ukutani, myekundu kama pilipili. Mgeni aliyetoka makao makuu akasema kwa upole kabisa kwamba anaona nyekundu nyingi, na kwamba labda kikundi kinahitaji kujengewa uwezo kwanza kabla ya kuongezewa pesa.

Mama mmoja anayemwagilia kitalu asubuhi na jioni alikuwa amekaa nyuma. Akauliza kwa Kiswahili chetu: "Mtoto wangu, hii nyekundu ni ya nani?"

Mkalimani akatabasamu. Hakutafsiri.

Miche ilipandwa mvua ikiwa inaaga, mingi ikafa kwa kiangazi, na awamu ya pili ikaenda pengine. Sijaleta habari hii ili mtu apigwe mawe. Afisa wa shirika aliyekuwa anatufuatilia naye alikuwa anapiga simu kila wiki kuuliza pesa iko wapi, naye hakuwa na jibu. Nimeileta sababu swali la yule mama ndilo swali ambalo ratiba ilitakiwa kujibu, na haikujibu. Rangi ilisema kazi imechelewa. Haikusema ilikuwa inamngoja nani.

Sasa, huyu Gantt ni nani? Henry Gantt alikuwa injinia wa Marekani, alizaliwa 1861 akafa 1919. (Kabla yake, mwaka 1896, Karol Adamiecki wa Poland alikuwa ameshatengeneza chati inayofanana. Lakini aliandika kwa Kipolandi na Kirusi, wasemaji wa Kiingereza wakachelewa kumjua, jina likaenda kwa Mmarekani. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.) Katika kitabu chake cha 1910, Work, Wages, and Profits, Gantt alionyesha chati za wafanyakazi wa kiwandani: siku ambayo mtu amefikia kazi aliyopangiwa na kupata bonasi, anawekewa mstari mweusi, siku aliyokosa, mwekundu. Kwa hiyo tangu mwanzo nyekundu ilikuwa shingoni mwa mtu wa chini.

Lakini mzee hakubaki hapo. Kadiri miaka ilivyokwenda alianza kuchora pia mashine zilizolala, na kuuliza zimelala kwa nini. Alifikia kusema kwamba mashine ikilala kwa kukosa vifaa au kukosa kazi, hilo ni deni la wenye kusimamia. Wallace Clark, aliyefanya kazi naye, alitoa kitabu juu ya chati hizo mwaka 1922, miaka mitatu baada ya Gantt kufa. Ukikiangalia unaona kitu ambacho leo kimepotea: pale kazi iliporudi nyuma, pembeni ya mstari kuna herufi ndogo. M kwa shida ya malighafi. T kwa shida ya vifaa vya kazi. R kwa mashine inayosubiri matengenezo. A kwa mtu ambaye hakuja kazini. Yaani zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa kalamu na karatasi, chati ilikuwa inasema umechelewa na inasema kwa sababu gani. Leo tuko na kompyuta yenye mamilioni ya rangi, tunatumia tatu za taa za barabarani, na sababu hatuandiki.

Kuna na fujo nyingine ndani ya programu zenyewe. Kwenye Microsoft Project, ukiwasha alama ya kazi muhimu, kazi ambazo hazina nafasi hata ya siku moja ya kuchelewa zinageuka nyekundu. Nasema hazina nafasi ya kuchelewa, sijasema zimechelewa. Zinaweza kuwa zinaenda vizuri kabisa. ProjectLibre, ile ya bure ambayo vijana wengi wanaitumia, inapaka hivyo hivyo: nyekundu kwa kazi zisizo na nafasi, bluu kwa nyingine. Ukija Excel ya shirika, nyekundu ni tarehe imepita. Sasa fikiria kijana amefundishwa ProjectLibre kwenye mafunzo ya kompyuta, anatoa chati yake yenye nyekundu sita, anampelekea mtu aliyezoea Excel. Yule anasoma kikundi kimeanguka mara sita, na hakuna aliyesema uongo hapo. Rangi hiyo moja imebeba maana mbili, na anayelipia ni yule asiyekuwepo kwenye chumba kujieleza.

Maoni yangu ndiyo haya: sisi vikundi vya vijana wakimbizi tuache kupaka mistari yetu kwa hali ya kazi. Tuipake kwa anayeshika ufunguo. Kila mstari ujibu swali moja: kazi hii sasa iko mikononi mwa nani?

Mimi natumia rangi nne. Bluu, kazi iko kwetu. Rangi ya chungwa, inangoja pesa au vifaa kutoka kwa shirika. Kijivu, inangoja kibali cha ofisi yoyote, iwe ya ardhi, ya makazi au ya wilaya. Kahawia, inangoja mvua, barabara au soko, vitu ambavyo hakuna mtu anavitia saini. Pembeni ya kila mstari naweka herufi, S, P, K au M, kama walivyofanya wale wazee. Herufi msiziache, nitawaambia kwa nini.

Kwanza jinsi ya kufanya, sababu watu huniuliza. Kwenye Microsoft Project usipake mstari mmoja mmoja kwa kuubofya. Inapendeza siku hiyo, kesho kazi ikihamia mikono mingine rangi inabaki ile ya jana. Tumia zile alama za programu zinazoitwa Flag, ziko ishirini. Amua Flag1 ni pesa, Flag2 ni kibali, Flag3 ni mvua. Halafu ingia Format, kisha Bar Styles, ongeza mistari mipya mwishoni mwa orodha, kila mmoja na rangi yake, na kwenye safu ya kuonyesha andika Normal na Flag inayohusika. Weka mwishoni kweli, maana mtindo wa chini kwenye orodha ndio unachorwa juu ya mwingine. Hapo hapo kwenye Bar Styles kuna sehemu ya maneno, sema Text1 ikae kulia kwa mstari, na herufi yako uandike kwenye Text1. Kuanzia siku hiyo unabadilisha Yes na No tu, rangi inafuata.

GanttProject, nayo ni ya bure na haichoshi kompyuta ya zamani, inakupa rangi na umbo kwenye sifa za kila kazi. Umbo maana yake mstari unaweza kujazwa vistari au vidoti. Ni kazi ya mkono, lakini kikundi chenye kazi thelathini kinamaliza kabla chai haijapoa. Wenye Excel waongeze safu moja ya "anayesubiriwa", waandike herufi, na kanuni ya rangi isome safu hiyo badala ya kusoma tarehe peke yake.

Lakini kuna hatua kabla ya rangi, na bila hiyo rangi yote ni mapambo. Kungoja lenyewe kuwe kazi kwenye ratiba. Angalia ratiba nyingi za vikundi vyetu: mstari wa kwanza ni "Kununua vifaa". Pesa imetoka wapi? Haionekani, kana kwamba ilishuka usiku. Andika mstari wa juu kabisa, "Pesa ya awamu ya kwanza kufika", na tarehe iliyo kwenye mkataba, na jina la ofisi inayohusika. Fuata na "Kibali kutoka". Kisha funga kazi ya kununua nyuma ya hizo mbili. Project, ProjectLibre na GanttProject zinakubali kazi moja kuifunga nyuma ya nyingine. Pesa ikichelewa wiki saba, kununua kunasogea wiki saba kwenyewe, kuotesha kunasogea, kupanda kunasogea, na kila mtu anaona mkokoteni umevutwa kutoka wapi. Na tarehe za mwanzo zisifutwe. Hifadhi ratiba ya kwanza kabla kazi haijaanza, Project na GanttProject zinaweza kuitunza na kuionyesha pamoja na mpya. Bila hiyo mtu atasema mlikuwa mmepanga hivyo tangu zamani.

Sasa zile herufi. Sababu moja ni duka la fotokopi. Chati yetu inatoka kwenye kompyuta ikiwa na rangi, inapita kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe, inafika kwa mwenyekiti wa kikundi na kwa wazee ikiwa kijivu tupu. Nyekundu na kijani zikitoka kwenye fotokopi zinakaribia kuwa kitu kimoja. Sababu ya pili ni macho. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mmoja kati ya kumi na wawili hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Huku kwetu pia wapo, ingawa ni wachache kuliko hao. Inawezekana bwana anayeamua awamu yenu ya pili anaona mistari yote ina rangi ya matope, na ana aibu kusema. Bluu na chungwa zinamsaidia. Herufi inamsaidia zaidi.

Nasikia sauti mbili zinanipinga.

Ya kwanza ni ya vijana wenzangu. Kaka, unataka tuwaandikie wafadhili kwa rangi kwamba wao ndio wamechelewa? Watatukata. Naelewa hofu hiyo, hakuna mkimbizi asiyeijua. Ndiyo maana nasema ufunguo wa rangi, yaani kile kibox cha maelezo ya rangi, kiandikwe siku ya mkataba. Siku hiyo hakuna aliyechelewa bado, hakuna mwenye kosa, wote mnacheka na kupiga picha. Mnakubaliana: chungwa ni hii, kijivu ni hii, ratiba hii ni kiambatanisho. Ukija kuibadilisha rangi mwezi wa kumi, mbele ya mgeni, hapo itaonekana kisingizio hata kama ni kweli. Na mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika makubwa walikubaliana, katika mapatano yanayoitwa Grand Bargain, kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya pesa za misaada zifike kwa watendaji wa ndani kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Hiyo 2020 imeshapita. Mtu anayesema anataka kutupa pesa moja kwa moja hawezi kukataa tarehe ya pesa hiyo iandikwe kwenye ratiba.

Sauti ya pili ni ya wafanyakazi wa mashirika, na ni nzito zaidi. Wanasema: vijana watajificha. Kila uvivu utapakwa chungwa. Hapo sibishani sana, mimi pia najua vikundi ambavyo mwenyekiti analala mpaka saa nne na kulaumu kibali. Kwa hiyo masharti yawe mawili. Mstari hauwi chungwa wala kijivu mpaka kuwe na tarehe ya barua au ujumbe ulioombwa, imeandikwa pale pale kwenye maelezo ya kazi. Hujaomba, haungoji, mstari ni bluu. Na bluu iliyopita tarehe yake ibaki bluu na herufi S ionekane kwa wote, bila kuisukuma mbele kimya kimya. Kikundi chenye S tatu mfululizo kiulizwe maswali magumu. Mimi nitakuwa wa kwanza kuuliza.

Halafu, wafanyakazi wa mashirika, hebu tuseme ukweli. Wengi wenu mliopo huku uwanjani mko katikati kama nyama ya sambusa. Chini sisi tunawapigia simu, juu makao makuu hayajibu. Nyekundu yetu ikipanda juu, nanyi mnaulizwa kwa nini vikundi vyenu ni dhaifu. Mstari wa chungwa wenye tarehe unakulinda na wewe. Afisa mmoja aliniambia hakuwahi kuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha bosi wake kwamba wiki saba za pesa ziligharimu msimu mzima wa mvua. Alikuwa na barua pepe arobaini na tatu. Bosi hakusoma hata moja. Chati moja angeiangalia.

Sisemi mashirika yakiwa na rangi nne basi pesa itafika kwa wakati. Benki zitabaki benki, na sahihi nane zitabaki nane. Nasema wakati wa kuhesabu, hesabu ianzie mahali pake. Yule mama wa kitalu hakuomba asifiwe. Alitaka kujua kama zile ndoo zake za maji za asubuhi na jioni ziko upande wa kuchelewa au upande mwingine.

Kikundi kimepata mfadhili mdogo tofauti, na mbegu zinatakiwa kuingia udongoni tena mwezi wa nne. Ratiba mpya ina kazi ishirini na sita. Mstari wa kwanza ni wa chungwa, una herufi P, na afisa wa shirika amekubali jina la ofisi yake na tarehe viandikwe pembeni. Alisita kidogo, akasoma mara mbili, akauliza kama tarehe inaweza kusogezwa siku tano mbele kusudi wawe na uhakika. Tukasogeza. Kitalu kinaweza kuvumilia siku tano.